Kabla Hamjachagua Rangi

Wanangu mnaotengeneza tovuti za maktaba na za walimu, mniwie radhi. Narudia jambo nililokwisha kulisema kwenye vikao vingi hadi sauti imekauka. Sina ugomvi na ujuzi wenu. Mnaandika programu ambazo sisi tuliozoea kupanga kadi za katalogi kwenye droo za mbao hatukuziwaza hata siku moja. Ninachowaomba ni kimoja tu: kabla hamjachagua rangi, nendeni mkakae na mtu atakayeitumia tovuti hiyo, mmtazame akihangaika, na mnyamaze.

Hapa Buzuruga, Mwanza, pa kukaa hapako mbali. Zungukeni kando ya stendi na barabara ya Musoma, mtaziona steshenari: kopi, kuprinti, picha za paspoti. Ombeni kiti kwa kijana wa kompyuta, mshinde naye siku nzima. Atakuja mzazi anayetafuta fomu ya kujiunga ya mwanawe aliyechaguliwa kidato cha tano. Atakuja mhitimu anayeomba mkopo wa chuo. Atakuja mwalimu anayetaka muhtasari wa somo. Wengi wao wana simu zinazoingia intaneti, ziko mfukoni, na bado wanamlipa kijana yule awafungulie. Sehemu ya fedha hiyo ni halali yake, maana kuna karatasi, kuna wino, kuna kuskani. Sehemu inayobaki ni ada ya kupotea. Kijana anajua kwamba kitufe kimejificha chini kabisa ya ukurasa, kwamba ukibonyeza neno hili hakuna kinachotokea, kwamba lazima urudi nyuma mara mbili ndipo orodha ifunguke. Ujuzi huo wameulipia watu maskini, na ni ninyi mliousababisha. Nasema hivyo bila hasira. Nataka mwone mlango uko wapi.

Sisi tuliopita kwenye ukutubi tulifundishwa kanuni tano za S. R. Ranganathan, mkutubi wa Madras kule India, aliyezichapisha mwaka 1931. Ya nne inatutaka tuokoe muda wa msomaji. Wakati ule muda ulikuwa ni kutembea kati ya rafu na kusubiri mezani. Leo muda wa msomaji ni bando. Kila picha kubwa mnayoiweka juu ya ukurasa, ya viongozi wakikata utepe, inayoteleza na kumpisha mwenzake, mtoto wa Igombe au wa Ukerewe anailipia kabla hajaona jina la kitabu hata kimoja. Halafu kitabu chenyewe mmekiweka chote kwenye faili moja zito, kurasa mia tatu, wakati yeye anataka sura ya nne. Kigaweni kwa sura. Andikeni ukubwa wa faili pembeni mwa kiungo, ili mtu aamue kabla ya kubonyeza. Hakuna teknolojia ngumu hapo, kuna kumfikiria mtu tu.

Mtaniambia tovuti isiyo na mapambo haivutii. Utazameni ukurasa wa matokeo wa Baraza la Mitihani. Siku matokeo yanapotoka, nchi nzima inauendea. Unachagua mtihani na mwaka, unatafuta shule kwenye orodha iliyopangwa kwa alfabeti, unabonyeza, na jedwali linashuka: namba ya mtahiniwa, daraja, alama za masomo. Simu dhaifu inaufungua. Mtu aliye Sengerema anamwelekeza ndugu yake kwa mdomo, naye anafika. Vijana wenye jicho la ubunifu huuona wa kizamani. Kwangu mimi ni miongoni mwa kurasa zilizowafaa Watanzania wengi, na nawasihi muusome kama mwanafunzi anavyosoma kitabu cha kiada.

Kinyume chake nimekiona mara nyingi kwenye tovuti za taasisi, na sitaitaja hata moja. Ukifungua unakutana na neno la mkurugenzi. Chini yake dira na dhima. Pembeni kuna idara, na ndani ya idara kuna vitengo. Mwanafunzi hajui kitengo. Anachojua ni swali lake: maktaba imefunguliwa mpaka saa ngapi leo? Uanachama ni shilingi ngapi? Kitabu cha fizikia cha kidato cha tatu kipo, na kama kipo, kimeazimwa? Mmejenga kwa kufuata mpangilio wa ofisi, mkamwacha mgeni azunguke vyumbani akisoma vibao vya milango. Saa za kufungua na namba ya simu inayopokelewa ziwe juu kabisa. Neno la mkurugenzi litapata pa kukaa.

Jambo hili la kuanzia kwa mtumiaji si geni kwenye kanda yetu. Mwaka 1968 ulianza hapa Kanda ya Ziwa mradi wa majaribio wa kisomo chenye manufaa, ukisaidiwa na UNESCO, na makao yake yakawa Mwanza. Uliendelea hadi 1972. Walioutayarisha hawakuandika kitabu kimoja cha kuwafundishia watu wazima wote kusoma. Walianzia kwenye kazi ya msomaji: mkulima wa pamba akapata vitabu vya pamba, wa ndizi akapata vya ndizi, mvuvi vya uvuvi, mfugaji vya mifugo. Mtu alijifunza herufi ndani ya mambo aliyoyajua tangu utoto. Baadaye, miaka ya 1970, likatolewa hapahapa Mwanza gazeti la vijijini, Elimu Haina Mwisho, ili waliohitimu kisomo wasikose cha kusoma. Karatasi ilikuwa duni, lakini waandaaji walijua wanamwandikia nani. Nanyi mna vyombo ambavyo wale hawakuvipata. Fanyeni walau walichofanya wao.

Sasa mwalimu. Huyu namwonea huruma zaidi, kwa sababu kila mtu anamtengenezea tovuti bila kumuuliza anafanyaje kazi. Usiku, watoto wamelala, ameketi na azimio la kazi na andalio la somo. Hatafuti “rasilimali za elimu”. Anatafuta darasa la tatu, somo la sayansi, mada fulani, wiki fulani. Basi mpangieni kwa darasa, kisha somo, kisha mada, kwa mfuatano uleule wa muhtasari alio nao mkononi. Na hapa kuna mtego mpya. Tangu Januari 2024 mitaala iliyoboreshwa imeanza kuingia shuleni kwa awamu, si madarasa yote kwa mara moja. Kwa hiyo muhtasari wa zamani na wa sasa inakaa pamoja mtandaoni, na mara nyingi faili halina mwaka kwenye jina lake. Mwalimu anaweza kuandaa muhula mzima kwa muhtasari ambao darasa lake limeshauacha. Andikeni mwaka, andikeni darasa linalohusika, na wa zamani upelekeni kwenye kabati lake, uandikwe wazi kuwa ni wa zamani. Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba mtandao ya vitabu vya kiada, nayo ni hazina. Anayejenga tovuti ya shule aielekeze huko moja kwa moja, kuliko kunakili nakala ambazo zitachakaa bila mtu kuzisahihisha.

Kisha kuna kisanduku cha kutafutia. Mtoto anaandika “hesabu”, kitabu kimeorodheshwa kama “Hisabati”, au “Mathematics”, na kompyuta inajibu hakuna. Anaondoka akiamini maktaba haina kitabu, kumbe kiko kwenye rafu. Huku kwetu wengi wetu huchanganya l na r, katika kusema na hata katika kuandika. Kisanduku chenu kisimwadhibu mtu kwa lafudhi ya mama yake. Kipeni uwezo wa kusamehe, na pale kinapokosa kabisa, kisiseme tu hakuna. Kioneshe vinavyokaribiana, kitoe namba ya mkutubi. Wala hamlazimiki kuandika programu ya katalogi kutoka mwanzo. Koha, iliyoanza kutumika Januari 2000 katika maktaba za wilaya moja ya New Zealand, inatolewa bure, na yeyote aliye na ujuzi anaruhusiwa kuirekebisha. Mashine iko tayari. Kazi iliyobaki ni kuiwekea lugha ya watu, na ninawaambieni ukweli, kwa mtoto wa shule ya msingi anayefundishwa kwa Kiswahili, menyu ya Kiingereza ni ukuta.

Msinichoke, kuna watu ambao bado sijawataja. Misungwi, mwendo si mrefu kutoka hapa, kuna Shule ya Msingi Mitindo, inayopokea watoto wasioona na wenye ualbino. Mtoto mwenye ualbino huona kwa shida. Maandishi ya kijivu hafifu juu ya weupe, ambayo ninyi mnayaona ya kisasa, kwake ni karatasi tupu. Asiyeona hutegemea programu inayosoma maandishi kwa sauti, na programu hiyo haiwezi kusoma ukurasa uliopigwa picha tu na kuitwa kitabu. Wekeni maandishi halisi. Wekeni weusi uliokolea, herufi zinazokuzwa bila ukurasa kuvurugika, na maelezo mafupi kwa kila picha yenye maana. Miongozo ya kimataifa ya mambo haya ipo tangu mwisho wa miaka ya 1990, hamhitaji kuibuni. Na siku ya kupima kazi yenu, mwiteni mtoto wa namna hiyo awe wa kwanza kushika kifaa, asiwe wa mwisho wa kupigwa naye picha.

Mwisho, kukabidhi. Tovuti nyingi za maktaba hufa kifo kilekile: fedha za mradi zimekwisha, aliyeijenga kapata kazi Dar es Salaam, nywila kaondoka nazo kichwani, na ukurasa unaendelea kutangaza semina ya miaka iliyopita. Mkabidhini mkutubi kila kitu kwa maandishi: anwani imelipiwa wapi na ada yake inadaiwa lini, nani wa kumpigia ikizimika, namna ya kubadilisha saa za kufungua wakati wa Ramadhani na likizo. Mfundisheni mbele yenu mpaka afanye mwenyewe bila kushikwa mkono. Na wafundisheni wawili, si mmoja, maana watumishi huhamishwa.