Huruma ya Mvuvi

Msomaji wangu, mtu amtoaye samaki majini kwa ndoana, akamtazama, akampiga picha, kisha akamrudisha majini yu hai, je, amemhurumia au amemchezea tu? Huenda swali hili likaonekana dogo mbele yako, hasa ikiwa kwenu samaki ni kitoweo na hapana aliyepata kuuliza zaidi ya bei yake. Mimi pia nililiona dogo, mpaka siku nilipokosa jibu kando ya ziwa.

Tulikuwa marafiki watatu, mwalimu, seremala na mimi, tukaupanda Mlima Kenya kwa upande wa Chogoria. Njia hiyo hupita katika msitu wa miti mikubwa, ikaingia katika mianzi, halafu ikatokea kwenye uwanda wa nyasi ngumu na baridi, juu ya mita 3,000, ambako pumzi huwa fupi na mzigo mwepesi hulemea. Huko liko Ziwa Ellis, dogo na tulivu, na ndani yake mna trauti. Samaki huyo si mwenyeji wa nchi yetu. Mayai ya trauti wa Uskoti yaliletwa Kenya mwaka 1905, yakatiwa katika mto Gura utokao milima ya Aberdare. Yule mwenye rangi za upinde wa mvua, ambaye asili yake ni mito ya magharibi ya Amerika ya Kaskazini, alifuata baadaye. Waliowaleta hawakuwaleta ili kuondoa njaa ya mtu. Waliwaleta kwa ajili ya mchezo.

Na mchezo wenyewe, sina budi kukiri, ni mzuri. Mvuvi wa namna hii hatumii nyungunyungu wala kipande cha nyama. Ndoana yake ni ndogo kama ukucha wa kidole cha mwisho, nayo imevikwa nyuzi na manyoya ya ndege hata ikafanana na mdudu aliyeanguka majini. Mdudu huyo wa uongo hana uzito wa kumwezesha kutupwa mbali; kwa hiyo kitupwacho ni mshipi, uliofanywa mnene na mzito kusudi, ukapungwa mbele na nyuma kwa ufito mwembamba mpaka unyooke hewani na kutua kimya. Mkono ukiharakisha, mshipi hujifunga mafundo. Ukichelewa, ndoana hunasa nyasi zilizo nyuma yako. Mimi nilivua nyasi nyingi kuliko samaki.

Jioni ya kwanza seremala alipata trauti mmoja, akampiga kichwani kwa jiwe, akampasua, akamtia chumvi na kumweka katika kikaango. Mwalimu alikasirika. “Bwana,” alisema, “umepanda mlima wote huu ili uje kuua? Mimi nimevua wanne, na wote wanne wanaogelea.”

Seremala alimgeuza samaki wake kwa kisu kabla ya kujibu. “Wewe umewaumiza wanne. Mimi nimemuumiza mmoja, naye nitamla.”

Tulicheka, lakini mwalimu hakucheka.

Asubuhi ya pili mwalimu alimpata samaki mkubwa kuliko wote tuliowaona. Akapigana naye muda mrefu, maana mshipi wake ulikuwa mwembamba, akamleta ukingoni amechoka kabisa. Kazi ya picha ilikuwa yangu. Jua lilikuwa nyuma yake, nikamwambia ageuke. Wingu likapita, nikamwambia angoje kidogo. Wakati wote huo samaki alikuwa nje ya maji, ambako matamvua yake hushikamana asiweze kuvuta pumzi, naye ameshikwa kwa mikono mikavu, ambayo humwondolea ule ute uikingao ngozi yake na maradhi. Alipomrudisha alilala ubavu. Mwalimu alimshika amemwelekeza mbele, akamsogeza taratibu ili maji yapite mashavuni, akafanya hivyo mpaka vidole vyake vikafa ganzi kwa baridi. Alipomwachia, samaki aligeuka tumbo juu.

Wala usinisamehe haraka, msomaji, kwa kuwa sikushika ufito saa ile. Nilishika simu tu, nikataka picha nzuri.

Sasa tupime maneno ya pande zote. Kwa upande wa mwalimu kuna haki fulani. Samaki aliyetolewa upesi na kuachwa upesi, kwa mikono iliyoloweshwa, aghalabu huishi. Na kama kila mgeni wa ziwa dogo angekula kama seremala, ziwa lingekwisha samaki. Lakini hiyo ni akiba, si huruma. Mfugaji asiyemchinja ng'ombe wake leo ili amkamue kesho amepiga hesabu njema, ila hajamfanyia ng'ombe wema wowote. Nchini Uswisi sheria yao imekwenda kinyume kabisa cha mwalimu: haimruhusu mtu kuvua akiwa na nia ya kumrudisha samaki majini, maana amemuumiza bila haja.

Wengine husema samaki haumwi. Mwaka 2003 wataalamu huko Uskoti walitangaza kwamba trauti ana mishipa ya fahamu mdomoni ipokeayo madhara, na kwamba waliotiwa asidi midomoni waliisugua kwenye changarawe na kukawia kurudi kula. Wako wataalamu wapingao, wakisema kwamba ubongo wa samaki haukuumbwa kuhisi maumivu kama wetu. Na wabishane. Lakini ukiwa na shaka kama yuko mtu nyuma ya pazia, hutupi mkuki ili upate kujua.

Mwalimu aliwahi kuniambia pia kwamba trauti hao wasingalikuwako mlimani kama si mchezo, basi wanaudai mchezo uhai wao. Hoja hii ilinipendeza kwa muda. Kisha nikafikiri kwamba baba naye ni sababu ya mwanawe kuwako, na hapana aliyempa ruhusa ya kumtesa.

Je, seremala ndiye mshindi? Nampa heshima yake, kwani alikuwa mkweli kwa samaki na kwa nafsi yake. Hata hivyo katika mfuko wake mlikuwa na maharagwe na unga wa siku tatu. Njaa haikumpandisha mlimani. Alipanda kwa sababu ile ile iliyotupandisha sisi, na kikaango kilimpa udhuru tu.

Jioni ile seremala alimwokota samaki mkubwa, akampika, akatugawia. Mwalimu alikula sehemu yake kimya. Kulipokucha nilimkuta amekaa juu ya jiwe na koleo mkononi, anakata ncha za ndoana zake zote, moja baada ya nyingine, mpaka yakabaki manyoya na kipande cha chuma kisichoweza kuchoma kitu. Kisha akaingia majini, akatupa mshipi. Trauti mmoja akaruka, akamdaka mdudu wa uongo, akamtema, akaenda zake. Mwalimu akatupa tena. Walimjia mara saba kabla ya chai. Nilimwuliza kama amefurahi.

“Mara mbili za kwanza,” alisema, akaendelea kutupa.