RAMADHANI 16: MZEE WETU NA NG'OMBE WA MAREHEMU



Leo nataka tumzungumzie mzee mmoja wa safu zetu za nyuma. Amenipa ruhusa niitaje habari yake, jina tuliache. Alifiwa na mkewe mwezi wa Rajabu, ndoa ya zaidi ya miaka thelathini. Tulizika, tukasoma hitima, siku ya tatu maturubali yakafunguliwa, kila mtu akarudi kwake. Yeye akabaki na nyumba, na ng'ombe mmoja wa maziwa aliyekuwa wa marehemu.

Wiki ya kwanza ng'ombe aligoma kushusha maziwa. Wafugaji mnajua: akiwa na hofu, au akishikwa na mkono asiouzoea, maziwa yanabaki kiweleni. Basi mzee akawa anakwenda bandani anakaa naye tu. Anampapasa shingo, anamsemesha kwa sauti ya chini kama alivyokuwa akifanya marehemu. Siku ya nane maziwa yakashuka. Aliniambia hiyo ndiyo siku aliyolia. Tangu mazishi alikuwa hajatoa chozi.

Toka hapo anaamka saa kumi usiku, kwa sababu kuna kiumbe kinamsubiri. Majani, maji, kufagia banda, kukamua, na jioni tena. Mtu aliyekuwa hali chakula sasa anakula daku, maana kazi inamtaka awe na nguvu.

Sasa maneno hayakosi. Wapo wanaosema mzee kachanganyikiwa, anaongea na mnyama. Wengine wanasema ni udhaifu wa imani, siku tatu za matanga si zimekwisha? Na watoto wake huko mjini wanataka ng'ombe auzwe, baba ahamie kwao.

La siku tatu, tusichanganye mambo. Hadithi ile inamhusu mwanamke kuacha mapambo kwa ajili ya aliyefariki, asizidishe siku tatu isipokuwa kwa mumewe, ambapo eda ni miezi minne na siku kumi. Hiyo ni hukumu ya mambo ya nje. Moyo haukuwekewa tarehe. Nabii Yaaqub (a.s.) alihuzunika mpaka macho yake yakawa meupe, naye ndiye huyo huyo aliyeshikamana na subira njema (Surat Yusuf, 83 hadi 86). Na Mtume wetu (s.a.w.) machozi yalimtoka alipofiwa na mwanawe Ibrahim. Linalokatazwa ni kuomboleza kwa makelele, kuchana nguo, kumlaumu Mola. Mzee hajafanya hata moja.

La mnyama, Abu Dawud amepokea kisa cha Mtume (s.a.w.) kuingia bustani ya mtu mmoja katika Answari. Mlikuwa na ngamia, na alipomwona Mtume alitoa sauti ya uchungu, macho yakamtiririka. Mtume akamwendea, akampapasa nyuma ya masikio mpaka akatulia, kisha akamuonya mwenye ngamia kwa kumshindisha njaa na kumchosha. Jamani, ikiwa mbora wa viumbe alisimama kumpapasa mnyama mwenye huzuni, ni aibu gani mtu mwenye huzuni akimpapasa mnyama?

Fungueni Surat An-Nahl. Aya ya 5 inataja joto, manufaa na chakula tunachokipata kwa wanyama. Aya ya 7 inataja mizigo wanayotubebea. Katikati, aya ya 6 nzima ni juu ya uzuri tunaouona wakirudi jioni na wakitoka asubuhi. Uzuri umepewa aya yake peke yake.

Anayeponya ni Allah, ng'ombe ni sababu tu, kama dawa ilivyo sababu. Na shakwa lenyewe mzee analipeleka kwenye sijda, kama Yaaqub alivyolipeleka kwa Mola wake. Ila ng'ombe ana sifa moja ambayo sisi msibani hatuna: hamwambii mtu ajikaze.

Kwa watoto wake, ambao najua wanasoma hapa: nia yenu ni njema. Lakini marehemu mama yenu kila Ramadhani alikuwa akipeleka maziwa ya futari nyumba tatu za majirani, na baba bado anapeleka. Mtume (s.a.w.) baada ya kufa Bibi Khadija (r.a.) alikuwa akichinja mbuzi, akituma vipande kwa marafiki zake Khadija. Kabla hamjatafuta mnunuzi, njooni mkae na baba jioni moja bandani, mumuulize yeye anataka nini.

Sasa jambo la haraka. Mzee anatamani kukaa itikafu kumi la mwisho. Miaka yote mkewe ndiye aliyebaki na ng'ombe. Mwaka huu hana mtu, na anataka kuiacha itikafu. Kuingia ni kabla ya magharibi ya kuamkia 21, na ng'ombe huyu hamzoei mgeni kwa siku moja. Nahitaji vijana wawili wanaojua kukamua, waanze leo baada ya alasiri: wakate majani, wakae naye, awazoee. Mnione baada ya tarawehe au mniandikie hapa. Mwenye kelele asije, atamtisha.

Na kwa atakayeuliza, maana lazima atakuwepo: kukamua hakufunguzi swaumu.

Wabillahi tawfiq.