KARAMU NI NINI?

Wapenzi wakatekumeni,

Siku ya Ubatizo wenu inakaribia, nami nasikia baadhi yenu wakisema: "Mwalimu, sina mbuzi wala kasiksi. Afadhali ningoje mwaka mwingine, nisije nikaaibika mbele ya watu." Neno hilo limenihuzunisha. Basi leo na tulichunguze neno lenyewe: karamu.

Neno karamu asili yake ni lugha ya Waarabu, nalo ni la shina moja na karimu na ukarimu. Kwa hiyo karamu, kwa asili yake, si wingi wa vyakula. Ni tendo la mtu mwenye moyo wa kutoa. Neno sherehe nalo lina maana mbili. Ya kwanza ni furaha ya watu wengi pamoja. Ya pili ni maelezo: katika vitabu vya mashairi, sherehe ndiyo inayofafanua maneno magumu. Maana hizo mbili hazipingani, kwa kuwa karamu ya mtu huufafanua moyo wake. Aliowaalika twawaona, na aliowaacha twawaona pia.

Sasa niwaungamieni kosa langu. Nilipooa nilikopa fedha, nikachinja mbuzi wawili. Uani walijaa watu wa ukoo wetu na wakubwa wa kijiji. Nje ya ua alisimama mzee mmoja, jirani yetu, aliyefika huku Ngungu akikimbia vita, wala lugha yake si yetu. Mkononi alishika mayai manne, yamefungwa katika jani la mgomba. Nilimwona, naye aliniona. Nikageuza uso, kwa maana niliona haya mbele ya wageni wangu. Alingoja kidogo, kisha akaenda zake. Deni la fedha nililipa kwa miaka miwili. Deni la mzee yule sijalilipa, kwani alihama kabla sijapata ujasiri wa kubisha mlangoni pake.

Je, siku ile nilifanya karamu? Watu walikula, wakacheza, wakanisifu. Lakini ukarimu haukuwapo. Nilionyesha tu mali nisiyokuwa nayo.

Mtu atauliza: "Je, kufurahi ni dhambi?" Hasha! Bwana wetu alikwenda arusini Kana, na divai ilipokwisha aligeuza maji ya mitungi sita ya mawe. Hakuwaambia watu watawanyike. Lakini ni yeye yule anayetufundisha, katika Injili ya Luka, sura ya 14, tuwaalike maskini, vilema na vipofu, kwa sababu hawana cha kutulipa. Naye Mtakatifu Paulo aliwakemea Wakorinto, kwa kuwa katika chakula chao mmoja alikaa na njaa na mwingine alilewa. Hakuwakemea kwa kula pamoja. Aliwakemea kwa kuwa hawakula pamoja.

Mwingine atasema: "Lakini jirani yangu ni wa kabila lile." Najua. Tangu mwaka 1993 vita vimeivunja mara nyingi nchi hii ya Masisi, na nyumba nyingi zinalia wafu wao. Simwambii mtu asahau. Nasema hivi tu: mapatano ya wakubwa hayatoshi, kama asemaye Kihunde na asemaye Kinyarwanda hawawezi kuchovya ugali katika bakuli moja.

Basi, asiye na mbuzi asiahirishe Ubatizo. Sakramenti hainunuliwi, wala haidai nyama. Viazi vya kuchemsha na maharage vyatosha, vikiliwa na wote. Ila nawaomba jambo moja: siku ile, kabla hamjaketi, mmoja wenu atoke nje atazame penye ua. Akimwona mtu amesimama, amshike mkono, amwingize ndani.