Elimu ya Jembe



Imepokewa katika Hadithi Sahihi ya Muslim kwamba Mtume (S.A.W.) aliwapitia watu wa Madina wakiitia mitende ya kike unga wa maua ya mitende dume. Akasema hadhani kuwa lina faida. Wakaacha, na tende zikapungua. Alipoletewa habari, akawaambia kuwa wao wayajua zaidi mambo ya dunia yao. Basi ujuzi wa mkulima ni elimu yenye watu wake, na hupatikana kwa mkono na kwa kutazama.

Na tuitazame Ukambani, nchi kame ambayo wengi wetu twaijua kwa kuipita Mtito Andei na Makindu ndani ya basi la Nairobi. Mwaka 1938 serikali ya kikoloni, ilipoona udongo wa Machakos wachukuliwa na maji (na Makueni ilikuwa ndani ya Machakos hata 1992), iliwatwaa watu ng'ombe wao na kuwauza kwa nguvu. Wakamba waliandamana hadi Nairobi. Kiongozi wao, Muindi Mbingu, akahamishiwa Lamu kwa amri. Lakini uuzaji ule ulibidi kuachwa.

Watu wale wale, walipoachiwa hiari, katika miaka ya 1950 walilichukua tuta la fanya juu: huchimbwa mfereji kuukata mteremko, na udongo hutupwa upande wa juu uwe ukingo. Jina hili ni Kiswahili kitupu, na wataalamu wa kilimo wa nchi za mbali hulitamka hivyo hivyo. Ni wangapi kwetu walijuao? Kazi waliifanya kwa mwethya, yaani ujima wao, wanawake wakiwa mbele, leo shamba hili na kesho lile. Watafiti waliotoa kitabu mwaka 1994 walikuta watu wamezidi mara tano tangu miaka ya 1930, na udongo umetulia kuliko zamani.

Kitui kuna mabwawa ya mchanga kwa mamia. Ukuta hujengwa juu ya mwamba katika mto wa msimu. Mafuriko huleta mchanga ukajaa nyuma yake, na maji hukaa ndani ya mchanga, jua lisiyafikie. Na taasisi ya kilimo ya Ukamba, iliyojengwa kwa harambee ya wananchi, ndiyo iliyozaa Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya, hapo Kwa Vonza, kilichopewa hati mwaka 2013.

Na sisi je? Kijana wetu ahitimu madrasa na skuli hajui kushika jembe, na akilishika huchekwa. Minazi ya babu imezeeka, haipandwi mingine. Shamba huuzwa kwa ajili ya arusi ya siku saba (hili tumelisema sana, wala hatutachoka), kisha muuzaji hulia kuwa wageni wamechukua ardhi. Wako wasemao kilimo ni kazi ya watu wa bara. Hicho ni kiburi, si dini. Answari walikuwa wakulima.

Misikiti mingi ina mashamba ya wakfu yaliyogeuka vichaka. Wanafunzi wa madrasa wapelekwe huko asubuhi moja kila juma, wafundishwe na mkulima hodari, awe Mkamba au Mgiriama, naye alipwe kama alipwavyo mwalimu wa Kiarabu. Ujira utoke wapi? Utoke katika mazao ya wakfu huo huo. Na mwaka wa kwanza, kabla ya mavuno, utoke kwetu sisi tukaao barazani.