Mtoto Aliyefungwa kwa Kanga

Kolo iko kandokando ya barabara kuu ya Dodoma hadi Babati, kaskazini ya Kondoa mjini. Wageni hushuka hapo kwenda kutazama michoro ya miambani, ile iliyoingizwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 2006. Wenyeji wao wana karanga za kubangua na mbuzi wa kufungulia. Katika nyumba moja ya tofali na bati aliishi mama kijana aliyesifiwa mtaa mzima kwa usafi. Uwanja wake ulifagiliwa kabla ya jua kuchomoza, na vyombo vyake viling'aa uchagani.

Mwanawe alipotimiza miezi minane akaanza kutambaa. Siku ya kwanza alifika mlangoni, watu wakapiga vigelegele. Siku ya pili alifika kwenye mafiga. Mama alimwahi mkono ukiwa karibu na sufuria ya maharage, akamchapa kofi dogo la mkono, akambeba mgongoni. Tangu hapo mtoto alishinda mgongoni, na mgongo ulipochoka akaketishwa ndani ya beseni. Alipojua kutoka kwenye beseni, mama akachana kanga kuukuu, akamfunga kifundo cha mguu, ncha nyingine akaifunga kwenye mguu wa kitanda.

Bibi wa mtoto, mama mzaa baba, alikuwa mtu wa mkekani. Magoti yalishamkataa, kwa hiyo kutwa alikaa chini akipeta na kuchambua.

"Mwanangu, mfungue huyo."

"Mama, ataungua."

"Basi hamisha moto."

Mkwe hakujibu. Angejibu nini? Jiko lilikuwa pale kabla ya yeye kuolewa.

Tusimlaumu upesi. Mwenye kuchota maji, kupika na kuuza karanga barabarani peke yake hana macho ya ziada kisogoni. Ila kamba ile ilimpa utulivu wa uongo. Kwa kuwa mtoto alikuwa amefungwa, hakuna kitu ndani ya nyumba kilichosogezwa.

Mchana mmoja alimfungua ili amwogeshe. Gari likasimama barabarani, mteja akaita, mama akatoka mara moja tu kumpimia karanga. Aliporudi, mtoto alikuwa chini ya benchi akikohoa, kidevu kimelowa, na chupa ya soda imelala ubavu. Ndani yake mlikuwa na mafuta ya taa ya kibatari.

Majirani wakajaa. Mmoja akaja na maziwa, mwingine akataka kumtia kidole kooni atapike. Kwa bahati, mhudumu wa afya wa kijiji alikuwa jirani, akawazuia wote wawili. Mafuta ya taa ni mepesi, na hatari yake kubwa ni kuingia kwenye mapafu. Mtoto akitapishwa, yanapata nafasi ya pili ya kupitia njia ya hewa. Maziwa nayo hayasafishi kitu, huongeza tu uwezekano wa kutapika. Akamvua nguo zilizolowa, akamwosha ngozi, akaibeba na chupa yenyewe wakampakia bodaboda kwenda kituo cha afya. Mtoto alikohoa siku kadhaa, akapona.

Waliporudi, bibi hakusema "nilikuambia". Alinyoosha kidole kutoka mkekani, mahali ambapo macho yake yalilingana na ya mjukuu, akaanza kutaja. Mpini wa sufuria uliochungulia nje ya mafiga. Ndoo ya maji isiyo na kifuniko. Mtoto akiinamia, kichwa humshinda uzito, na maji ya kina cha shibiri moja yanatosha kumzamisha. Punje za karanga kwenye nyufa za sakafu, zinazoingia kooni zikakwama. Waya wa chaji ya simu. Kisu chini ya uchaga. Mkwe aliyepita hapo mara mia kwa siku alikuwa hajaviona, kwa sababu alipita amesimama.

Jioni ile baba aliweka misumari ya kutundikia juu ukutani. Mafuta ya taa yakahamia kwenye dumu lenye mfuniko wa kubana, kwani chupa ya soda humwambia mtoto "ninywe". Ndoo ikapata kifuniko na jiwe juu yake. Pembeni ya chumba wakatandika mkeka, wakaweka sufuria tupu, mwiko, magunzi na kibuyu cha kutikisa. Bibi akawa anarusha gunzi mbele kidogo, mtoto anafuata.

Kila mtoto ana wakati wake. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2006 vipimo vya watoto wa nchi tano, Ghana na Oman zikiwemo: wengi hutambaa kwa mikono na magoti kati ya miezi 5 na 13, na hutembea bila kushikwa kati ya miezi 8 na 17. Nafasi ni pana, wala hapana haja ya kumshindanisha na wa jirani. Muhimu apate sakafu ya kujaribia.

Mwezi uliofuata alisimama dede kwa kushika kinu. Bibi akaagiza kinu kiegemezwe ukutani kisimwangukie, na mchi utolewe kabisa. Barabara ndiyo iliyobaki. Tangu lami ilipokamilika magari hayapunguzi mwendo, basi baba akagonga kigeti cha mbao mlangoni, kimo cha goti la mtu mzima. Kilidumu mpaka mtoto alipojua kupanda, baba akaongeza mbao mbili.