Marehemu Wasiotajwa

Mgeni afikaye Bagamoyo huonyeshwa makaburi ya Wajerumani waliokufa zama za vita vya pwani vya 1888 na 1889. Kila mmoja ana kaburi lake. Huonyeshwa pia mahali waliponyongwa wenyeji walioupinga utawala wao: jiwe la hapo lawataja kwa jumla tu. Hali kadhalika wapagazi wa vita vya 1914 hadi 1918. Sanamu ya Askari, Dar es Salaam, ya mwaka 1927, yawaheshimu bila majina.

Je, tuyadharau makaburi ya wageni? Hasha! Marehemu wote twawaombea. Lakini haki haijatimia iwapo huyu akumbukwa kama mtu, na yule kama kundi. Basi, wazazi, waulizeni wazee majina ya babu zao waliochukuliwa upagazi, myaandike upesi. Wazee hawatungoji.