Je, Ulichonacho Kinatosha?



Wapo wenzetu wanaosoma biashara hapa Mbarara ambao nia yao ni kwenda ng'ambo kufanya shahada ya uzamili, na wengi wao njia yao inapitia mtihani uitwao GMAT. Mimi nasoma taaluma za Kiislamu na mtihani huo haunihusu. Lakini ndani yake mna aina moja ya swali ambayo ingefaa kila Muislamu aipitie kabla hajafungua mdomo kumzungumzia mwenzake.

Swali lenyewe liko hivi. Unaulizwa jambo, kisha unapewa kauli mbili. Hutakiwi kutoa jibu la jambo hilo. Unatakiwa kusema tu kama ulichopewa kinatosha kulijibu. Machaguo ni matano: kauli ya kwanza peke yake inatosha, ya pili peke yake inatosha, hazitoshi mpaka ziunganishwe, kila moja inajitosheleza, au hata zikiunganishwa bado hazitoshi. Aliyezoea kukokotoa hupata tabu hapa. Mkono wake unataka kufika kwenye jibu, na yeye ameulizwa kama njia ya kufika huko ipo.

Tuchukue mfano wa alama za "kubwa kuliko" na "ndogo kuliko", ambako ndiko wengi huanguka. Unaulizwa: je, x ni kubwa kuliko y? Kauli ya kwanza inasema kwamba x ukiigawanya kwa y unapata zaidi ya 1. Mwenye haraka atazidisha pande zote mbili kwa y, apate kwamba x ni kubwa kuliko y, aandike "inatosha", aendelee na safari. Amekosa. Kama x ni 6 na y ni 3, ni kweli x ni kubwa. Lakini kama x ni hasi 6 na y ni hasi 3, jibu la kugawanya ni lile lile 2, na hapo x ni ndogo kuliko y. Ukizidisha kwa namba hasi, alama hugeuka. Kwa hiyo huruhusiwi kuzidisha kwa kitu ambacho hujui kama ni chanya au hasi. Kauli ya pili inasema: y ni kubwa kuliko sifuri. Hiyo peke yake haikuambii lolote kuhusu x. Ziunganishe, na sasa zinatosha.

Nauliza basi: katika kuwahukumu watu, ni kujua kiasi gani kunatosha? Na je, kiasi hicho ni kimoja kwa kila jambo?

Tuseme mwenzetu anayetoka kambi ya Nakivale, kule Isingiro, amesaidiwa karo na mfuko wa jumuiya. Wiki ile ile anaonekana na simu mpya. Kabla ya Ijumaa, habari imeshazunguka kwenye kundi la WhatsApp: fulani anatudanganya, hana shida yoyote. Simu ni kweli, imeonekana kwa macho. Kilichokosekana ni ile alama ya y. Huenda simu ni ya ndugu yake. Huenda ametumiwa na jamaa aliye nje. Huenda bila simu hawezi kupokea fedha anazotumiwa nyumbani. Na huenda kweli anadanganya. Kitendo kimoja hubadilika maana kulingana na kilicho nyuma yake, na sisi tuliofundishwa tangu madrasa kwamba amali huangaliwa kwa nia zake tulipaswa kuwa wa kwanza kulijua hilo. Usama bin Zayd (r.a.) alimuua vitani mtu aliyekwisha kutamka shahada, akidhani ameitamka kwa kuogopa silaha. Mtume (s.a.w.) alimlaumu vikali, akamuuliza kama aliupasua moyo wa mtu yule hata akajua kilichomo.

Kuna kanuni nyingine ambayo walimu wa mtihani huu huirudia sana: ukifika kwenye kauli ya pili, sahau ya kwanza. Ipime kwa haki yake yenyewe kabla hujaziunganisha. Wengi hushindwa, kwa sababu walichosoma kwanza kimeshakaa kichwani na wanaisoma ya pili kupitia kwake.

Katika Surat Sad tunasimuliwa wagomvi wawili waliomwingilia Nabii Dawud (a.s.) katika mihrabu. Mmoja alisema nduguye ana kondoo majike 99, yeye anaye mmoja tu, na nduguye anamtaka huyo huyo mmoja. Dawud akasema kwamba amedhulumiwa; kisha akatambua kuwa alikuwa anajaribiwa, akaomba maghufira. Baadhi ya wafasiri wanaeleza kwamba jaribio lilikuwa katika kuhukumu kabla ya kumsikia wa pili. Tafakari, ndugu yangu: 99 na 1. Hakuna asiyeona ipi kubwa. Lakini swali lililokuwa mbele ya hakimu lilikuwa nani ana haki, na ukubwa wa kundi la kondoo haulijibu hilo. Mara nyingi kauli moja hutuvuta kwa kuwa inasikitisha, tukadhani kwa sababu hiyo inatosha. Mtume (s.a.w.) alipomtuma Ali (r.a.) Yemen akiwa kadhi, alimuusia asitoe hukumu mpaka amsikie wa pili kama alivyomsikia wa kwanza. Tuangalie hilo neno "kama": si kumsikiliza kwa kutimiza wajibu huku moyo umeshaamua.

Hapa msomaji anaweza kunipinga. Atasema, tukingoja kujua kila kitu hatutafanya lolote. Wadanganyifu watakula fedha za jumuiya nasi tunasema "haitoshi, haitoshi".

Pingamizi hili lina uzito, na mtihani wenyewe unalijibu. Kutosha si kujua kila kitu. Ukiulizwa kama x ni kubwa kuliko 5, na ukaambiwa ni kubwa kuliko 8, umetosheka, ingawa hujui x ni ngapi. Ukiambiwa ni ndogo kuliko 3, umetosheka pia, kwa sababu "hapana" ya uhakika ni jibu kamili. Kinachoamua ni swali lenyewe. Chukua zaka. Maulamaa wengi wa leo huhesabu nisabu ya dhahabu kuwa gramu 85. Mwenye kujua kwamba dhahabu yake imezidi hapo na imetimiza mwaka, tayari anajua zaka imemuwajibikia, hata kama hajaipima sawasawa. Lakini akitaka kujua ni kiasi gani atoe, ujuzi ule ule haumtoshi tena. Lazima apime, ndipo atoe asilimia 2.5. Mali ni ile ile, maswali ni mawili, na kila swali lina kiwango chake.

Sheria yetu imeviweka viwango hivi kwa hekima. Kumtuhumu mtu zinaa kunataka mashahidi wanne, na aliyemsingizia mwanamke mwenye kujihifadhi bila ya kuwaleta hupigwa mijeledi 80 na ushahidi wake hukataliwa. Kumpokea mtu katika Uislamu kunataka shahada yake tu. Aliyepotewa na kibla hujitahidi kwa kadiri ya dalili alizonazo, akasali. Pale penye rehema na ibada, kinachohitajika ni kidogo. Pale penye kumvunjia mtu heshima, kinachohitajika ni kikubwa.

Naona sisi tumevigeuza. Mwenzetu akisema ana njaa, tunataka barua, picha na mashahidi. Akituhumiwa wizi, tunatosheka na picha moja ya simu. Tunamdai aliye dhaifu ushahidi wa udhaifu wake, na anayemsema vibaya hatumdai kitu. Wakazi wa Nakivale wanaijua hali hii kuliko wengi wetu, maana kambi hiyo imekuwa ikipokea wakimbizi tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, na miongoni mwao wamo waliokimbia usiku bila karatasi yoyote. Hata mwongozo wa UNHCR wa mwaka 1979 juu ya kumtambua mkimbizi unakubali kwamba kazi ya kutafuta ukweli ni ya mwombaji na ya anayemhoji pia, na kwamba maelezo yanayoaminika kwa jumla yapewe faida ya shaka. Ikiwa maofisa wanaelekezwa hivyo kwa mgeni wasiyemjua, sisi tunaosali naye safu moja tuna udhuru gani?

Turudi kwa mwenye simu. Maswali yako mawili. La kwanza: je, tuendelee kumsaidia karo? Hilo linaweza kujibiwa na mambo machache: anadaiwa au hadaiwi, ana mlipaji mwingine au hana. Mweka hazina anaweza kumuuliza kwa faragha, na jibu likawa ndiyo au hapana bila kumvunjia mtu heshima. La pili: je, ni mwongo? Hilo linataka mengi zaidi, na simu haikaribii hata nusu yake. Kosa la kundi la WhatsApp ni kuchukua ushahidi uliofaa kuanzisha swali la kwanza na kuutumia kulifunga la pili.

Hapa ndipo mtihani na maisha vinapoachana. Chumbani mwa mtihani, ukikuta kauli zote mbili hazitoshi, unachagua jibu la tano na kazi imekwisha. Muislamu hajaishia hapo. Aya ya 6 ya Surat al-Hujurat inatuamrisha kuichunguza habari aliyoileta mtu asiyeaminika, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua kisha tukajuta. Kwa hiyo "haitoshi" inatuachia njia mbili: kwenda kutafuta kinachokosekana, au kunyamaza. Wala kunyamaza si unyonge wa elimu. Imepokewa kwamba Imam Malik aliulizwa maswali mengi katika kikao kimoja na mengi zaidi kati yake akajibu kwamba hajui, naye alikuwa imamu wa Madina.

Na tukumbuke kwamba "haitoshi" ni hukumu juu ya ushahidi wetu. Haisemi mwenzetu ni mwema wala mbaya. Inamwacha alivyokuwa kabla habari haijatufikia: ndugu yetu, mwenye haki zote za ndugu, pamoja na haki ya kujibiwa salamu yake Ijumaa.

Wallahu a'lam.